Mausi ya Mwalimu Magesa

Nilikuwa nimekaa safu ya tatu chini ya turubai, Butiama, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliopinda, waliposoma wasifu wa marehemu na kufika pale pa "mtu aliyeleta kompyuta Mkoa wa Mara". Nikakohoa. Sikukusudia kukohoa, ila kilichotaka kutoka kilikuwa kicheko, na kicheko msibani hakina pa kwenda. Msomaji, kijana wa ukoo aliyevaa suti inayombana makwapa, akaendelea bila kutuangalia: kwamba Mwalimu Magesa aliwafungua macho vijana wakati ambapo watu hawakujua hata kompyuta inawashiwa wapi, na kwamba miaka yote ya chuo chake hakuna mwanafunzi wake aliyefeli usaili wa ile kampuni ya pamba kule Bunda, isipokuwa mmoja tu, wa mwanzo kabisa, na huyo, akasema akitabasamu, "tunaambiwa bidii ilikuwa ndogo". Huyo wa bidii ndogo alikuwa amekaa safu ya kwanza, mbele yangu, kitenge kipya, mgongo umenyooka. Anaitwa Wakuru. Alikuwa ametoka Nyamuswa alfajiri, na rambirambi alikuwa ameshatoa, nilimwona kwa macho yangu. Nikamdharau na yeye kidogo, Mungu anisamehe. Mtu anasemwa mbele ya jeneza na bado ametulia kama yuko kanisani.

Na hilo jina lenyewe. Butiama, neno Mwalimu lina mwenyewe, hata mtoto wa chekechea anajua, na mtu mwenye haya angekubali kuitwa Bwana Magesa au Mzee Magesa yakaisha. Yeye alilitaka hilo hilo. Ukimwita Bwana, anajifanya hasikii. Siku nzima watu walikuwa wananiambia marehemu hasemwi vibaya: wapishi waliniambia, mchungaji aliniambia, mama mmoja nisiyemjua aliyekaa karibu nami aliniambia kabla hata sijafungua mdomo, nadhani aliusoma uso wangu. Sawa. Basi nitamsema alivyokuwa hai, maana nilimfahamu akiwa hai, mwaka mmoja mzima, na mwaka ule ndio ulionifanya niwe mtu mwenye ulimi huu ambao wanangu wanauogopa.

Ni mwaka ambao kiwanda cha kuchambua pamba Bunda kilitutoa nje. Mimi nilikuwa mpiga chapa pale, nina taipureta yangu ya chuma ambayo niliijua mpaka herufi zake zilizolegea. Tulikusanywa uwanjani tukasomewa majina, tukaambiwa tumepunguzwa, neno la adabu sana kwa jambo lisilo na adabu hata chembe. Redio nayo ilikuwa haichoki kusema soko huria, soko huria, asubuhi soko huria, jioni soko huria, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeliona hilo soko, halikuwa na haja na mtu wa taipureta. Kaka yangu kule kijijini Majita alileta salamu kwamba nirudi nyumbani, na wifi yangu alishapanga nitalala jikoni na nitasaidia kupalilia mihogo. Wifi yangu hakuwa mtu mbaya, lakini nilijua nikishalala usiku wa kwanza katika lile jiko sitatoka tena. Hilo ndilo nililokuwa nalikimbia. Niliposikia kwamba Musoma kuna mtu amefungua chuo cha kompyuta, na kwamba kampuni mpya za pamba hazitaki tena mpiga chapa ila mtu wa kompyuta, nilikwenda.

Chumba tulipanga Nyasho, mimi na Wakuru, ambaye nilimkuta siku ya kuandikishwa akitetemeka mlangoni kwa sababu Mwalimu Magesa alikuwa amemuuliza swali kwa Kiingereza. Kilikuwa chumba cha kuta nyembamba, kitanda kimoja, jiko la mkaa tunaliweka nje kukiwa hakuna mvua na ndani ikinyesha, macho yanatuchuruzika. Tulikulaga mapanki. Kwa asiyejua, sangara akishafika kiwandani wanakata nyama yote pembeni, hiyo inapanda ndege kwenda kwa wenye meno yao, halafu sisi wenye ziwa tunauziwa mgongo na kichwa. Wakuru alijua kuyapika: anayakaanga kwanza, kisha anayatia nyanya na pilipili, na ugali mweusi wa udaga, ule wa mihogo iliyovundikwa, pembeni, tunafyonza mifupa mpaka inabaki myeupe. Ukuta wa pili alikuwa anaishi muuza mitumba na mkewe, na kila jioni tulisikia wanabishana kuhusu marobota, yule mume anasema nchi imefunguliwa, sasa kila mtu atajitafutia, na yule mke anamjibu kwamba yeye haoni kilichofunguliwa ila mdomo wake. Tulikuwa tunacheka chini chini tukiwa na mafuta ya samaki vidoleni. Nikiukumbuka mwaka ule, ni chumba kile ninachokikumbuka kwa upendo. Vingine vyote ni takataka.

Chuo chenyewe kilikuwa chumba cha nyuma katika lililokuwa duka la ushirika, lile ambalo tulipokuwa wadogo watu walipanga foleni kwa ajili ya mche wa sabuni. Mashelufu ya mbao yalikuwa bado yapo, matupu, na harufu ya sabuni ilikuwa haijatoka. Viatu unavua mlangoni. Unanawa miguu kwenye beseni. Ndani kuna benchi nne, na mbele kabisa, juu ya meza iliyotandikwa, kompyuta moja. Moja! Ilikuwa imevikwa vitambaa vya kufuma, vyeupe vyenye maua ya njano, kazi ya mkewe: kimoja cha kioo, kimoja cha sanduku lake, kimoja kirefu cha kibodi, na kidogo, mviringo, cha mausi. Asubuhi tunasimama, tunasali, halafu yeye mwenyewe anavua vitambaa taratibu, kimoja kimoja, anavikunja. Mashine aliipata kwa mzungu wa mradi mmoja wa maji uliokwisha, na mafunzo aliyapata Mwanza, wiki mbili, alitwambia miezi miwili.

Mashine ile ilikuwa na vituko vyake, kama mashine yoyote iliyokwishatumiwa na watu wengine, na Mwalimu Magesa hakukijua chanzo cha kituko hata kimoja. Kwa hiyo kila kituko alikigeuza somo. Ule mstari wa chini ya kioo, ambao ndio mlango wa kila kitu, ulikuwa umewekwa ujifiche. Huuoni mpaka ushushe mshale hadi ukingoni. Basi tulifundishwa kwamba kompyuta inaitwa: unashusha mshale mpaka sakafuni, unanyamaza, unasubiri itokee, na ukiongea haitoki. Tulikuwa tunanyamaza, watu wazima, kwenye benchi. Betri ya ndani ilikuwa imekufa, kila umeme ukikatika mashine inaamka ikidhani ni mwaka wa zamani kabisa, na yeye akatuambia hiyo ni tarehe ya Ulaya. Lakini kituko nilichokichukia kuliko vyote ni hiki. Mwalimu alikuwa mtu wa maneno. Alisimama mbele anaeleza historia ya kompyuta, anaeleza nidhamu, anaeleza jinsi alivyolala Mwanza kwa tabu, na wakati huo wote hakuna aliyegusa kitu, kwa hiyo kioo kinazimika chenyewe na vimistari vya rangi vinaanza kuzunguka. Akigeuka akaviona, anainua mkono. Imechoka, anasema. Tuiache ipumzike. Na sisi tunatoka nje, tunavaa viatu, tunakaa kibarazani kuisubiri mashine ipumzike, mpaka atakapoizima na kuiwasha upya. Ada yangu ililipwa nikae juani namsubiri huyo mgonjwa.

Siku moja ilikuwa zamu yangu ya kufagia, mashine ikiwa imeachwa ipumzike, nikaigonga meza kwa mpini wa fagio, mausi ikatikisika, na vimistari vikatoweka, kila kitu kikarudi mahali pake. Nilimwambia Wakuru jioni ile tukimenya nyanya: haichoki, iguse tu inaamka. Nilidhani atacheka. Alishika kisu hivi, akaniangalia kwa hofu ya kweli, akanisihi nisimwambie Mwalimu. Nilimuuliza atafanya nini, atatuchapa? Akasema hajui, ila nisimwambie. Ndivyo Wakuru alivyokuwa. Baba yake alikuwa mtu wa kufoka, nadhani alikua akijua kwamba mtu mzima akikosea, anayeadhibiwa ni aliyeliona kosa.

Sasa mausi. Mausi ina vitufe viwili, cha kushoto na cha kulia. Ukishika kwa mkono wa kulia, kidole cha shahada kinakaa juu ya cha kushoto, na hicho ndicho cha kufungulia, dunia nzima. Ya Mwalimu Magesa ilikuwa kinyume. Cha kulia ndicho kinachofungua, cha kushoto kinakuletea orodha ya mambo usiyoyaomba. Kwa hiyo tulifundishwa kwa kuimba, benchi zote nne pamoja: kidole cha kati kinafungua, cha shahada kinauliza. Kidole cha kati kinafungua, cha shahada kinauliza. Tulikuwa tunaimba na vidole tumevinyoosha hewani, na Mwalimu anapita katikati akivirekebisha. Kidole cha kati ni kizito, hakina adabu ya haraka, kinagonga mara ya kwanza halafu kinachelewa ya pili, na wasichana walikuwa wanatoka pale mikono imekakamaa. Yeye akawa anasema ndiyo ugumu wa teknolojia.

Mimi ni wa kushoto. Shule ya msingi nilifungwa mkono huo kwa kamba ya katani mpaka nikajifunza kuandika kwa wa kulia, kama walivyofanyiwa wengi, lakini jembe, kisu, sindano, vyote bado ni kushoto nikiwa sionwi na wakubwa. Zamu yangu ya kwanza kukaa kwenye mashine ilipofika, sikuwaza. Nikaihamisha mausi upande wa pili. Ikaniitika papo hapo. Kidole changu cha shahada kikakaa juu ya kitufe cha kulia, nikagonga, ikafungua, nikagonga tena, ikafungua, laini, bila kukakamaa kokote. Nilifurahi kama mtoto, na kwa furaha hiyo nikasema kwa sauti kwamba mashine hii ilikuwa ya mtu wa mkono wa kushoto, wamemgeuzia vitufe. Mwalimu Magesa akaja, akaichukua mausi, akairudisha upande wa kulia, akaifuta kwa kile kitambaa cha mviringo.

"Hapa kwangu," akasema, "kompyuta haishikwi na mkono wa chooni."

Walicheka. Benchi zote, na aliyecheka zaidi ni mmoja ambaye hakuwa ameweza kufungua kitu chochote tangu aje. Sijawahi kusahau jinsi alivyoifuta. Nikaambiwa nikae benchi la nyuma mpaka nitakapoomba radhi, na niliomba, kwa sababu ya lile jiko la wifi yangu. Niliomba radhi nikiwa nimesimama na miguu mitupu mbele ya mtu aliyedhani mashine inachoka. Wakuru peke yake hakucheka. Jioni alinipakulia kichwa cha samaki, ambacho ndicho kitamu.

Zikaja habari kwamba kampuni moja iliyoanza kununua pamba Bunda, ya watu binafsi, inatafuta mtu wa kompyuta kabla msimu haujafunguliwa. Nafasi ilikuwa moja. Mwalimu Magesa alituchagua wawili, Wakuru kwa sababu alikuwa mtiifu, mimi kwa sababu nilikuwa napiga chapa haraka kuliko wote na hakuweza kulificha hilo. Alitusalia. Alivisalia vidole vyetu, kimoja kimoja, sitanii. Tukiwa stendi tunangoja gari lijae, nilimwambia Wakuru maneno ambayo nilikuwa nimeyafikiria: mashine ya huko huenda haikugeuzwa, kwa hiyo kidole cha kati kikikataa, usihangaike, jaribu cha shahada. Nilimwambia ingawa nafasi ilikuwa moja na mimi niliitaka kufa. Akasema Mwalimu amekataza kujaribujaribu mashine za watu, zinaharibika. Nikamwambia Mwalimu ni mjinga. Akatazama kando.

Aliyetupokea ni Mama Temba, mhasibu, mama mnene mtulivu aliyekuwa na karanga za kukaanga kwenye droo. Ofisi ilikuwa na feni, na kompyuta ilikaa mezani uchi, bila kitambaa chochote, na vumbi juu yake, nikashangaa jinsi ilivyokuwa kitu cha kawaida. Wakuru aliingia kwanza. Nilikaa kwenye korido namsikia Mama Temba anasema kwa upole, fungua basi, fungua tu, andika barua fupi. Halafu sauti ya kitufe, ta, ta, na tena, ta, ta. Nilijua kila mlio ulikuwa wa kidole gani. Alitoka bila kuandika hata herufi, uso umelowa, akapita mbele yangu kama hanioni. Nikaingia mimi. Nikagonga cha kati, ikaja orodha. Nikagonga cha shahada, ikafungua. Barua niliiandika kabla Mama Temba hajamaliza kiganja cha karanga.

Aliponiambia kazi ni yangu nilimuuliza kuhusu vitufe, nikimweleza jinsi tulivyofundishwa. Hakucheka, alishangaa tu. Akanionyesha mahali, ndani ya mipangilio, ambapo kuna picha ya mausi na pa kuchagua mawili: wa kulia, wa kushoto. Unachagua, unakubali, basi. Halafu akaniangalia mkono, sijui aliona nini, akasema kama wewe ni wa kushoto igeuze, sisi hapa tunataka barua. Nilitaka kulia pale pale. Miaka yote ile ya kamba ya katani, na kumbe mahali fulani duniani kuna watu waliokaa wakafikiri kwamba mimi nipo, wakaniwekea nafasi.

Mimi na Wakuru tulirudi Musoma pamoja kuchukua vitu vyangu, na nilikwenda moja kwa moja chuoni. Ilikuwa mchana, wanafunzi wameenda kula, Mwalimu yuko peke yake anavisha mashine. Wakuru alikuwa nyuma yangu. Nilisema kwa adabu yote niliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi, kwamba mausi imegeuzwa, kwamba kuna mahali pa kuirudisha, na kwamba nimwonyeshe sasa hivi ili wengine wasiaibike kama Wakuru. Akaendelea kunyoosha kitambaa.

"Najua," akasema. "Yule mzungu aliniambia siku ananiachia. Mkewe ndiye alikuwa wa kushoto. Nilisahau tu inarudishwa wapi."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alinifutia mausi mbele ya watu. Akasema ameshawafundisha watu hivyo tangu mwanzo, na akibadilisha leo ataonekana nani.

"Utaonekana mwalimu," nikamwambia.

Hapo ndipo alipomgeukia Wakuru. Hakumfokea. Laiti angemfokea. Alisema kwa sauti ya daktari anayetoa majibu: mwenzako amefundishwa kwa mausi hiyo hiyo na amefaulu, kwa hiyo tatizo siyo mausi, tatizo ni kichwa, na kichwa kizito siyo dhambi, rudi nyumbani ukatafute kazi ya mikono. Wakuru akasema, "Ndiyo, Mwalimu." Nimekutana na wezi, nimekutana na wanasiasa, nimefanya kazi na wanunuzi wa pamba ambao mizani yao iliogopwa vijiji vyote, na sijaona kitu kidogo kama mtu yule siku ile, akiwa na kitambaa cha maua ya njano mkononi. Wakuru alifunga virago akaenda Nyamuswa kabla ya Jumapili.

Msimu ulipofunguliwa pamba ilikuja kwa malori, na Mama Temba akasema anahitaji mtu wa pili. Nilipanda gari kwenda Nyamuswa. Nilimkuta Wakuru anaanika mtama, amekonda, na mama yake akaniambia bila kuficha kwamba mtoto huyu tangu arudi anasema hana kichwa, hata kuhesabu kuku anamwachia mdogo wake. Wakuru mwenyewe alinipikia, akanisikiliza, akakataa. Nilikaa mpaka siku ya pili nikimsumbua, nikimwambia kichwa chake hakina ubaya, na kila nikisema hivyo anaitikia kwa kichwa hicho hicho kama mtu anayesikiliza tangazo la dawa. Mwishoni alikubali, nadhani ili niondoke. Nikatangulia Bunda. Asubuhi ya usaili niliingia ofisini kabla ya wote, nikafungua ile sehemu yenye picha ya mausi, nikavigeuza vitufe vikae alivyofundishwa yeye. Alipokaa, kidole chake cha kati kikafungua mara ya kwanza. Aliandika barua nzima, safi, mgongo umenyooka. Baadaye nilivirudisha, na kidogo kidogo, mchana wakati Mama Temba analala kwenye kiti, nikamfundisha upya, mpaka kidole cha shahada kikazoea. Hatukusema neno juu ya hilo. Tulifanya kazi pamoja mpaka kampuni ilipofunga mlango, miaka mingi.

Na kosa langu ni hapo, ikiwa ni kosa, mimi silioni. Kila msimu Mama Temba alitaka watu wa muda, na kila msimu chuo cha Magesa kilileta wasichana wake wakiwa wameimbishwa vidole. Sikuweza kuwaangalia wakiaibika kwa ajili ya mdomo wa mtu. Niliwageuzia wote. Walifaulu wote. Walirudi Musoma wakisema Mwalimu Magesa ni kiboko, akitoa mwanafunzi hafeli, na chuo kikajaa, akaongeza mashine, na sifa zile ndizo nilizokuwa nasikia zikisomwa chini ya turubai na kijana wa suti ya kubana. Mwaka mmoja alinitumia sato mkubwa kupitia msichana wa usaili, amefungwa kwenye jani la mgomba, bila salamu. Alijua basi kwamba nawageuzia. Nilimla. Sato hana kosa.

Tulimzika saa za jua kali, kwenye mawe, vijana wakijikwaa na makoleo. Baada ya hapo tukapanga mstari wa chakula, na Wakuru akaja akasimama nyuma yangu na sahani yake. Amezeeka vizuri. Nilikuwa bado na hasira naye kwa sababu ya ile rambirambi, kwa hiyo nikamuuliza, bila hata kumgeukia vizuri, kama amesikia alivyosemwa pale mbele. Akasema amesikia. Nikamuuliza kama kweli hadi leo anamwamini yule mtu.

"Wewe ulinigeuziaga vitufe," akasema. "Usaili wa pili. Nilivyokaa tu nikajua."

Nikageuka. Mstari ulisogea mbele, sisi hatukusogea, na mtu nyuma akaanza kuguna. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, miaka yote ile. Akasema aliona mimi nataka nisiulizwe. Halafu akaangalia chini kwenye sahani.

"Hata usaili wa kwanza nilijua, Tabitha. Uliniambia stendi, na nilipoona cha kati kinakataa, nikajua umesema kweli. Nilikiweka kile cha shahada juu ya kitufe. Nikakitoa. Nilikuwa namwogopa yule mzee kuliko nilivyokuwa naitaka kazi."

Nilimshika mkono pale kwenye mstari, sahani zikagongana. Nikamuuliza sasa amekuja kufanya nini hapa, kutoka Nyamuswa yote hiyo, na kitenge kipya, na kukaa mbele kabisa.

"Nilitaka nikae karibu," akasema Wakuru, "nimwone akifukiwa."